Skafu Saba za Manjano

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri, nikiwa kwenye mashine ya kukatia lenzi. Nimefungua daftari jipya kwa sababu sasa imetangazwa rasmi: Ninga ataimba uwanjani Jumamosi, tarehe 27 Aprili, saa kumi jioni. Zimebaki siku hamsini na nne. Zinanitosha.

Ninga ndilo jina tunalomwita mwimbaji wetu sisi mashabiki wake. Katika kikundi chetu cha simu tupo saba: Karani wa mahakama, Kinyozi, Mpishi wa shule ya bweni, Pacha wawili wanaoshona mapazia, Bibi, na mimi, ambaye naitwa Fundi kwa kuwa natengeneza miwani. Kila Jumapili saa kumi tunaunganishwa kwenye simu moja na kubishana kuhusu nyimbo. Huu ni mwaka wa nne na hatujawahi kuonana hata siku moja. Kwa hiyo nimejiteua kupanga namna tutakavyokutana kabla ya onyesho. Hakuna aliyepinga. Karani tu aliuliza, "Na ikiwa itanyesha?" Nikamwambia tutalowa.

Jumapili, 10 Machi

Mkutano wa simu. Nilisoma mpango wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, dakika kumi na mbili. Mdogo wangu, ninayeishi naye, alikuwa anapiga pasi akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Dada, unakwenda kwenye muziki au unakwenda kuteka mji?"

Mahali: chini ya bango kubwa mbele ya geti la kaskazini. Saa: sita kamili mchana. Alama: skafu ya manjano shingoni, kama ile aliyovaa Ninga kwenye jalada la kanda yake ya kwanza. Pacha watazishona zote saba kwa kitambaa kimoja. Wazo la skafu ni langu na nalipenda.

Karani: "Na ikiwa wengine nao watavaa manjano?"

Nikamjibu kwamba ile kanda ni ya zamani, na wenye kuikumbuka ni watu kama sisi. Amenichosha na maswali yake. Nyumbani tunamwita Bwana Na-Ikiwa.

Kinyozi akamchokoza Bibi. "Mchumba wangu, siku hiyo utanitambuaje?"

"Nitamtafuta mwanamume mwenye maneno mengi na kichwa kibaya."

"Bibi, mimi ni kinyozi."

"Ndiyo nashangaa. Wewe nani anakunyoa?"

Mpishi hakusema kitu. Huwa hasemi.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Lenzi kumi na nne. Mpishi hajathibitisha kama anakuja.

Jumapili, 17 Machi

Leo kabla ya mkutano nimepigiwa simu na binti yake Bibi. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye. Sauti ya mtu anayefunga madirisha huku anaongea.

"Dada, wewe ndiye Fundi? Nimesikia mnamchukua mama yangu uwanjani."

"Hatumchukui, dada. Anakuja mwenyewe."

"Mwenyewe vipi? Mama haoni vizuri. Ana miaka sabini na sita. Basi saa mbili njiani, halafu watu elfu arobaini?"

Nikamweleza mpango. Basi linashusha abiria hatua mia moja kutoka kwenye bango. Sote tutakuwa pale mapema. Nikampa neno langu kwamba Bibi atapokelewa, na kwamba saa sita na dakika moja nitampigia kumwambia, "Tunaye."

"Sawa. Nimeandika jina lako na namba yako."

Ni mtu wa kuamrisha. Kama ningekuwa mimi ninayelindwa hivyo, ningetorokea dirishani.

Alhamisi, 21 Machi

Bibi amenipigia dukani, wakati bosi amekwenda kunywa chai. Simu yake ni ya vitufe na hupiga mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Mjukuu wangu, binti yangu amekupigia?"

"Amenipigia, Bibi. Nimemtuliza."

"Hukumtuliza. Mwanangu hatulizwi. Sikiliza nikwambie kitu ambacho wale wengine hawakijui."

Akanieleza. Binti yake ameshapaka rangi chumba nyumbani kwake, chumba cha Bibi kuhamia. Bibi hataki. Ana nyumba yake, vyumba viwili, aliyoishi miaka thelathini na mmoja. Wamebishana tangu mwaka jana, mwisho wakakubaliana hivi: akienda uwanjani peke yake na kurudi salama, suala la kuhama linakufa. Akipotea, akianguka, akirudishwa na askari, anafunga virago mwezi wa tano.

"Kwa hiyo sitaki kushikwa mkono toka kwenye basi kama kifurushi," akasema. "Mnisubiri hapo mlipopanga. Mimi nitawajia."

"Hilo limekwisha, Bibi. Hata kunguni hatapenya kwenye mpango wangu."

Akacheka. Lakini nilipokata simu nilisoma mpango upya mara tatu.

Alhamisi, 28 Machi

Barabara ya nyuma ya duka imejaa maji. Karani amenunua tiketi zote kwa mkupuo mmoja na kumtumia kila mtu yake kwa basi, ndani ya bahasha zilizoandikwa kwa mkono mzuri kuliko wangu. Namshukuru kwa hilo. Kisha ameuliza, na ikiwa bango litaondolewa kabla ya siku hiyo. Sikumjibu.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Skafu yangu imefika. Manjano safi, pindo zimekaa sawasawa. Nimeivaa kula chakula cha jioni. Mdogo wangu ameomba aruhusiwe kulia chakula chake chumbani.

Mpishi hajathibitisha.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimejifunza jambo ambalo nalijua kwa miaka kumi na moja.

Alikuja mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Nikampangia fremu kwenye trei achague. Akachukua ya manjano, ile ya vijana, akaivaa mbele ya kioo akasema, "Hii nyeupe imetulia." Bosi wangu akamvua taratibu, akampa ya kahawia. Mzee alipoondoka bosi akasema, kama anavyosema kila mara, "Binti, mwenye mtoto wa jicho unampa rangi nzito. Manjano na nyeupe kwake ni ndugu."

Bisibisi iliniponyoka.

Bibi ana mtoto wa jicho. Anasema ni ukungu kidogo, lakini mimi nimesikia wateja mia wakiuita ukungu kidogo. Mimi, ambaye kazi yangu ni macho ya watu, nimemchagulia mtu asiyeona manjano alama ya manjano. Kama angekaa kwenye kiti cha dukani nisingekosea. Lakini sikuwa nafikiria macho yake. Nilikuwa nafikiria jalada la kanda.

Nilimpigia jioni. "Bibi, skafu yako umeipata? Ni rangi gani?"

"Si mlisema manjano?"

"Lakini wewe unaionaje?"

"Naiona manjano, kwa kuwa mlisema manjano." Kisha, polepole: "Usianze na wewe, mjukuu wangu. Wa kuniuliza ninachokiona ninaye mmoja, ananitosha."

Nikaacha. Labda sikupaswa kuacha.

Jumapili, 14 Aprili

Nilipendekeza tubadilishe skafu ziwe nyekundu. Sikusema kwa nini, maana Bibi alikuwa kwenye simu akisikiliza. Pacha walikasirika kwa sauti moja: wameshashona, kitambaa kimekwisha, na nyekundu inahusiana nini na Ninga? Kinyozi akasema nimeanza kutetemeka. Mimi sitetemeki. Nikatoa njia nyingine: mmoja wetu asimame na mti mrefu, skafu ifungwe juu, Bibi aione ikipepea juu ya vichwa. Wote wakakubali. Karani akajitolea kuushika mti.

Ilikuwa mara ya kwanza hajauliza swali, na nilikuwa nalihitaji.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua siku nzima. Mdogo wangu ananiuliza kwa nini simwambii binti yake Bibi kuhusu hizo rangi. Nimemwambia kwa sababu atamfungia ndani. "Au kwa sababu wewe ndiye uliyekosea?" Nikamtuma dukani kununua chumvi. Chumvi tunayo.

Jumanne, 23 Aprili

Hakuna jipya. Mpishi ametuma neno moja: "Nipo." Nalisubiri tangu mwezi wa tatu.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimefua viatu vya raba, nimechaji simu, nimekata kucha. Mvua imepumzika tangu asubuhi. Nina hakika mambo yatakwenda sawa. Nimepanga vizuri, na kosa moja nimelifunika.

Jumapili, 28 Aprili

Naandika asubuhi, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Nitaandika mambo ya jana kwa mpangilio wake, nisije nikajipendelea.

Saa tano kasoro robo nilikuwa chini ya bango. Karani alikuwa ameshafika. Miaka yote nilimfikiria mrefu, mkavu, mwenye tai. Ni mfupi, mnene, ana macho ya upole, na alikuwa amebeba mti wa ufagio wenye skafu pamoja na miavuli minne. Kinyozi ana kipara kinachong'aa. Tulipomwona tukamsamehe mengi. Pacha hawafanani hata kidogo. Mpishi ni jitu lenye mabega kama kabati. Alisalimia, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akafumba macho. Tulikumbatiana kama watu waliolelewa nyumba moja. Kwa dakika ishirini nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale.

Halafu mabasi yakaanza kuingia.

Basi la kwanza lilishusha watu hamsini. Wote shingoni skafu za manjano. La pili, manjano. Wauza maji walikuwa nazo, watoto walikuwa nazo, mwanamke mmoja alikuwa amemfunga nayo mbwa wake. Kila shabiki wa Ninga alikuwa amepata wazo langu la peke yangu. Miti ya ufagio yenye skafu juu niliihesabu thelathini nikaacha.

Nikamtazama Karani. Yeye ndiye aliyeuliza swali hilo tarehe kumi Machi. Nilimsubiri aseme. Alisema, "Tugawane. Mimi naenda kwenye mabasi."

Saa sita ikapita. Bibi hakuja. Saa sita na nusu Karani akarudi anahema: amempata dereva wa basi lake, na dereva anasema bibi mmoja mwenye mkoba mweusi alishuka wa kwanza kabisa, saa tano na nusu, akakataa kusaidiwa. Kwa hiyo alikuwa pale pale, ndani ya ule umati, kwa saa nzima. Simu yake haikupatikana. Picha tuliyokuwa nayo, aliyotuma binti yake, ni ya harusi ya miaka kumi na tano iliyopita, kilemba kimefunika nusu ya uso.

Tukagawana eneo kama shamba. Kinyozi upande wa maduka, Pacha kwenye vyoo, Karani kandokando ya uzio, mimi getini. Mpishi tulimwachia bango, kwa kuwa alikuwa ameshakaa chini yake. Manyunyu yakaanza. Nilimshika bega kila mwanamke mwenye mvi. Mmoja alinipiga na mwavuli. Nilimwelewa.

Saa saba na robo ujumbe wa binti yake ukapenya: "Dada, saa sita imepita. Mnaye mama?"

Nilikaa na ile simu mkononi. Ningeweza kuandika ndiyo. Nilijua kwamba nikiandika "bado", nyumba ya Bibi, vyumba viwili vya miaka thelathini na mmoja, inaondoka kwa herufi nne nilizoandika mimi. Lakini kama amedondoka mahali, kila dakika niliyonunua kwa uongo ingekuwa imeibwa kwake. Nikaandika: "Bado. Alishuka salama saa 5:30. Tunamtafuta. Kosa ni langu, si lake."

Saa nane geti likafunguliwa, foleni ikaanza kuingia. Saa nane na nusu nilirudi kwenye bango nikakuta Mpishi hayupo. Pacha wakaniambia amesema miguu inamuuma, anakwenda ndani kukaa. Nilikasirika. Tangu mwezi wa tatu mtu huyo hakufanya kitu, na siku ya siku anakwenda kukaa.

Saa tisa kasoro binti yake Bibi akafika kwa pikipiki. Sikuwa nimemwona kabla, lakini nilimtambua kwa mwendo wake wa kuamrisha. Alikuwa amelowa, mguu mmoja ndala ya bluu, mwingine ya kahawia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwaka jana alivuka barabara akidhani gari limesimama," akasema. "Lilipita hapa, dada. Hapa kwenye gauni. Yeye hajui. Sijawahi kumwambia."

Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu kama mlinzi wa gereza, kumbe ni mtoto aliyeona gari likipita kwenye gauni la mama yake, na tangu siku hiyo anaishi nalo peke yake.

Hapo ndipo Mpishi akatokea getini, akija mbio, na mtu kama yule akikimbia watu wanapisha.

"Yupo," akasema. "Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Kitini. Kiti changu kipo pembeni ya chake. Anauliza mko wapi."

Tukatazamana. Karani akatoa tiketi yake mfukoni, akaisoma kana kwamba ameiona leo: safu ya ishirini na mbili, kiti cha arobaini na nne. Yangu arobaini na tatu. Pacha arobaini na tano na arobaini na sita. Wiki saba nilipanga mahali pa watu saba kukutana, na mahali hapo palikuwa pamechapishwa kwenye karatasi tuliyobeba mifukoni.

Binti yake hakuwa na tiketi. Nikaanza kutoa tiketi yangu mfukoni nimpe, Karani akanizuia.

"Nilinunua nane," akasema, akiona haya kidogo. "Na ikiwa mtu angepoteza."

Nilimbusu kwenye paji la uso mbele ya walinzi. Hakuwa na swali.

Tulimwona kwa nyuma kwanza: mgongo umenyooka, mkoba mapajani, skafu imefungwa vizuri. Binti yake alisimama kwenye ngazi akamtazama kwa muda kabla ya kushuka. Hakuna aliyemharakisha.

"Shikamoo Bibi," tukasema, wote kwa fujo.

"Marahaba. Mmechelewa. Fundi ni yupi?"

Nikainama karibu. Akanigusa shavu. "Mjukuu wangu, alama yako ile haifai. Nimeshuka kwenye basi, kwangu kila mtu kavaa manjano, hata mlinzi mwenye shati jeupe. Nikajisemea, hawa siwapati. Nikamwendea mlinzi kwa kuwa yeye ana kofia nyeusi, kofia naiona. Akaniingiza kwenye kibanda chake nisinyeshewe. Geti lilipofunguliwa nikampa tiketi binti mmoja, akanileta. Ningehangaika na nini? Tiketi imeandikwa kiti."

"Na simu yako, Bibi?"

"Niliizima. Mngenipigia kila dakika." Kisha akageuza shingo, akatega sikio. "Na huyo aliyesimama kimya nyuma yako ni mwanangu. Namjua anavyopumua akitaka kulia. Kaa, mama. Unaziba watu."

Akakaa. Nilisubiri nisikie maneno makali, ya huyu au ya yule. Sikusikia. Baadaye kidogo nilimsikia binti akisema kwa sauti ya chini, na Bibi akiuliza, "Gari gani?" Kisha Bibi akalishika goti la mwanawe na hakuliachia.

Ninga akaimba saa mbili mfululizo, mvua ikinyesha. Sitaeleza. Aliyekuwepo alikuwepo. Kinyozi alilia kuanzia wimbo wa pili.

Tulipotoka, ngazi zilikuwa na utelezi, na binti akanyoosha mkono kumshika mama yake. Bibi akautazama, au akatazama pale ulipokuwa, akampa mkoba.

"Beba huu. Mkono wangu nautumia kwenye kishikio."

Jumatatu, 29 Aprili

Mafua. Lenzi tisa. Bosi amecheka mpaka akavua miwani.

Jumapili, 5 Mei

Jua tangu asubuhi. Mkutano wa simu saa kumi, kama kawaida, isipokuwa sasa najua kila sauti ina mabega gani.

Binti yake Bibi alinipigia kabla. Amesema kile chumba amempangisha mwalimu, mtu mtulivu, ameingia jana na vitabu vyake. Akasema lile la gari limemtisha mama yake kuliko alivyotaka kukiri, na wamepatana upya: Bibi anabaki kwake, lakini tarehe 20 anakwenda hospitali kuondolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. "Amekubali bila kubishana, dada. Nimeogopa." Nikamwambia kwa lenzi zitakazofuata aniachie mimi, nimeshapata mazoezi ya kukosea. Alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Wanacheka sawa, yeye na mama yake.

Kwenye simu Kinyozi alimwomba Bibi atukaribishe nyumbani kwake, sote sita, tukaione hiyo nyumba iliyotutoa jasho.

"Karibuni," Bibi akasema. "Njooni Jumapili yoyote mnayotaka. Lakini mnipigie kwanza, maana mnaweza kukuta nimetoka."